Tulivyojifunza Kufundisha Yoga kwa Kiswahili

Huenda baadhi yenu mkashangaa kukuta habari za yoga katika jarida la walimu wa Kiswahili. Nasi tulishangaa. Sisi ni walimu wawili wa Kiswahili katika shule za sekondari mjini Kampala, tuliozoea chaki, madaftari na ngeli za nomino, wala hatukutazamia kwamba siku moja tutasimama mbele ya watu wazima waliokaa juu ya mikeka na kuwaambia wavute pumzi. Lakini kazi hiyo imetufundisha jambo kuhusu lugha yetu ambalo miaka mingi ya kusahihisha insha haikutufundisha, na kwa sababu hiyo twaona si vibaya kulisimulia hapa.

Chanzo chake kilikuwa maumivu. Shule za Uganda zilifungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya Uviko, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Tuliporudi madarasani tulikuta wanafunzi wametuzidi kimo, na sisi tumezeeka kuliko ile miaka miwili. Mmoja wetu hakuweza kuinama kuokota chaki bila kushika ukuta. Mwingine alikuwa halali. Akijilaza saa nne za usiku, saa nane yu macho, anasikiliza mbwa wa jirani. Rafiki yetu muuguzi ndiye aliyetupeleka kwenye darasa la yoga, nasi tukaenda shingo upande, tukidhani ni mchezo wa wageni wenye nafasi. Baada ya miezi michache mgongo ulilegea na usingizi ukarudi; si wote, lakini wa kutosha. Mwaka 2023 tulizitoa likizo zetu mbili tukaenda Nairobi kusomea ualimu wake.

Mafunzo yalikuwa ya saa 200, kiwango kilichoenezwa duniani na chama cha Marekani kiitwacho Yoga Alliance. Saa 200 ni chache mno kwa elimu yenye umri huo. Patanjali, ambaye Yoga Sutra zake zina zaidi ya miaka 1500, aliigawa njia hiyo katika viungo vinane, na mikao ya mwili, iitwayo asana, ni kiungo cha tatu tu. Kabla yake yapo maadili, na la kwanza kabisa kati ya maadili hayo ni ahimsa, yaani kutodhuru. Baada yake ipo elimu ya pumzi, kisha kuzituliza hisi, kuikusanya fikra, kutafakari na kuzama. Yoga inayoonekana leo, ya mikao mingi ifuatanayo, kwa sehemu kubwa ni kazi ya karne ya 20: ya akina Swami Kuvalayananda, aliyefungua taasisi yake Lonavla mwaka 1924 ili yoga ichunguzwe kwa vipimo vya sayansi, T. Krishnamacharya, aliyefundisha vijana Mysore; na mwanafunzi wake B. K. S. Iyengar. Kozi za kuwaandaa walimu kwa majuma machache zina historia fupi zaidi. Swami Vishnudevananda aliianzisha ya kwake mwaka 1969. Hayo yote tuliyasikia kwa Kiingereza, tukayaandika kwa Kiingereza, na mtihani tukaufanya kwa Kiingereza. Hakuna aliyetuuliza tutafundisha kwa lugha gani.

Tuliporudi Kampala tuliombwa na kikundi cha akina mama kuwafundisha kila Jumamosi alasiri, katika ukumbi wa kuazima huko Nsambya. Wengi wao walikuwa wakimbizi wa Kongo, kutoka Bukavu, Goma na vijiji vya Kivu. Walikuwapo Warundi wachache, na Waganda wanne au watano. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa moja tu. Basi tukaketi na madaftari yetu ya Nairobi tukaanza kuyaandika upya.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa furaha tupu. Kiswahili hakikosi majina ya mwili: utosi, kisogo, kwapa, pingili za uti wa mgongo, kinena, nyonga, kifundo cha mguu, kisigino, wayo. Tulipofika kwenye matako tulikwama, maana wanafunzi wengine walikuwa na umri wa mama zetu; neno makalio likatuokoa. Mkao ambao duniani kote unaitwa mbwa anayetazama chini ulitutoa jasho. Nani atamwambia mama wa Kiislamu mwenye miaka 60 awe mbwa? Tulijaribu kuuita mkao wa paa, kwa kuwa mwili huinuka katikati kama paa la nyumba, na wale akina mama wakauliza kama ni paa wa nyumbani au paa wa porini. Tukawaachia wachague. Nusu yao hadi leo ni swala. Kuchuchumaa, ambako katika kozi kulipewa jina la Kisanskriti na maelezo ya kurasa mbili, hatukukufundisha kabisa; akina mama wapikao mekoni walitufundisha sisi.

Na pumzi! Hapa twakiri kwamba tulijisikia matajiri. Mwalimu wetu wa Nairobi alitumia asubuhi nzima kutushawishi kwamba kupumua na kupumzika vina uhusiano. Katika Kiswahili uhusiano huo umo ndani ya maneno yenyewe: pumua, pumzi, pumzika. Mtu akitua mzigo hushusha pumzi, na ndivyo mwili ulivyo, kwani tunapotoa pumzi mapigo ya moyo hupungua kidogo, na tunapovuta huongezeka. Ndiyo sababu mwalimu wa yoga hurefusha kutoa kuliko kuvuta. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Kwa mazoezi aweza kushuka hadi mara sita, na kiwambo chini ya mbavu kikafanya kazi iliyokuwa ikifanywa na mabega.

Basi tukajiona tumekamilika. Jumamosi ya tatu, mwishoni mwa somo, tulifikia mkao wa kufungia, ule wa kulala chali bila kujitikisa. Jina lake la Kisanskriti ni shavasana, na shava ni maiti. Jina hilo la maiti tulikuwa na busara ya kuliacha. Busara yetu iliishia hapo. Mmoja wetu alisimama katikati ya ukumbi, akatumia sauti ileile ya darasani ambayo hufika dawati la nyuma, akasema: “Haya, laleni chini. Fumbeni macho. Mtu asisogee.”

Wengi walilala. Mama mmoja wa Kongo hakulala. Alibaki ameketi, mkono kifuani, akipumua haraka haraka, kisha akaokota viatu vyake akatoka bila kuvivaa. Tulipomfuata uani alisema, “Roho inanipiga, mwalimu,” akaonyesha moyo. Hatukumwuliza zaidi, naye hakueleza.

Aliyetueleza alikuwa mtu mwingine, mwalimu mstaafu wa Kiganda, mmoja wa wale wanne au watano. Yeye alikuwa amelala kama tulivyoagiza, akavumilia mpaka mwisho. Watu walipokwisha kuondoka alitukalisha. “Wanangu,” akasema, “mnajua mara ya mwisho mimi kuambiwa ‘lala chini’ kwa Kiswahili ilikuwa wapi? Kwenye kizuizi, barabara ya Bombo, mwaka 1983. Mvua ilikuwa ikinyesha. Tulilala kifudifudi kwenye matope, na sauti ilikuwa kama yenu.”

Sisi ni walimu wa Kiswahili nchini Uganda. Historia hii tunaifundisha. Twajua kwamba Kiswahili kilikaa kambini kwa askari tangu enzi za Waingereza. Kwamba Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 alifanya hivyo kwa amri, bila kuwapo watu wala vitabu vya kuitekeleza. Kwamba katika utawala wa pili wa Obote misako ya wanajeshi ilipata jina kutokana na maneno mawili ya Kiswahili, panda gari, na hakuna Mganda wa rika hilo anayehitaji kutafsiriwa. Twajua kwamba Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na kwamba mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kila mwaka wazazi hutuambia kuwa hii ni lugha ya askari na wezi, nasi huwajibu kwa kuwatajia washairi. Siku ile hatukuwa na mshairi wa kumtaja. Lugha yetu tulikuwa tumeichukua katika umbo lile lile walilolisikia barabarani: kitenzi kitupu, na sauti kubwa juu yake.

Tukayarudia madaftari yetu kwa mara ya pili, na safari hii haikuwa kazi ya msamiati bali ya sarufi. Kila mwalimu amewafundisha wanafunzi wake kwamba “lala” ni amri, na kwamba “ulale” yaweza kuwa amri iliyolainishwa, ombi au ushauri. Tulikuwa tukilifundisha jambo hilo kama kanuni ya kubadili irabu ya mwisho. Sasa tuliona watu waliokosa raha kwa sababu ya irabu hiyo. Tuliondoa neno chini, kwa kuwa halina kazi. Alalaye chali yu chini tayari. Tukasema: “Ukipenda, ulale chali. Waweza pia kulala kiubavu, au kuketi ukiegemea ukuta.” Tukasema: “Macho yafumbwe au yabaki wazi, kama unavyoona vyema.” Pale penye hatari ndogo tulitumia nafsi ya kwanza wingi, tuinue mikono, tushushe pumzi, na tukajilazimisha kuufanya mkao huo sisi wenyewe, maana tu- ya mwalimu anayetembeatembea kati ya watu waliolala ni uongo. Mikeka ikageuzwa ili asiwepo mtu anayeupa mlango kisogo. Mkao wa mwisho ukaitwa mapumziko. Kuwagusa watu ili kuwanyoosha tukaacha kabisa. Ikiwa bega limekaa vibaya na maneno hayatoshi kulirekebisha, libaki vibaya.

Baadaye tulikuja kujua kwamba wengine walikuwa wamefika hapo kabla yetu. Huko Boston, daktari Bessel van der Kolk na wenzake walichapisha mwaka 2014 uchunguzi juu ya wanawake 64 waliokuwa na kiwewe cha muda mrefu ambacho tiba nyingine hazikukiondoa. Kundi moja lilipewa saa moja ya yoga kwa juma, majuma 10, kwa lugha ya kukaribisha na bila kuamrisha. Mwishoni, 16 kati ya 31 walikuwa wametoka katika kiwango cha ugonjwa, na katika kundi jingine, lililopewa mafundisho ya afya, walikuwa 6 kati ya 29. Idadi ni ndogo, na Boston si Nsambya. Sisi si waganga, na tumekwisha kuwaelekeza wanafunzi wawili kwa wataalamu. Lakini tulifarijika.

Lipo swali la dini, nalo tulilipata mapema kutoka kwa mzee wa kanisa. Hatukumficha kwamba yoga imelelewa katika dini za India. Kuficha hilo ni utovu wa adabu kwa Wahindi na kwa mwulizaji pia. Twajua kwamba mwaka 2008 Baraza la Taifa la Fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga, na kwamba mwaka uliofuata maulamaa wa Indonesia walitofautisha mazoezi ya viungo na yale yenye nyimbo za ibada. Sisi hatuimbi kitu. Mama wa Kiislamu tuliyemtaja juu huomba ruhusa saa kumi, huswali kwenye kona, kisha hurudi mkekani pake.

Kilichotusumbua zaidi ni yale maneno matatu ambayo kozi iliyarudia kila siku: akili, mwili na roho. Tuliyatamka Nsambya mara moja tukaona hayasimami. Akili kwa wasikilizaji wetu ni werevu. Ukimwambia mtu atulize akili, anadhani umemwona mjanja mno. Na roho ya mama wa Bukavu hupiga, huuma, hujaa, hukaa kifuani. Nyingine hukaa kooni. Mwili na roho kwake havikuwa vitu viwili vya kupatanishwa kwa mazoezi. Tuliliacha fungu hilo la somo, na hatujaona kilichopungua.

Yule mama aliyetoka na viatu mkononi alirudi baada ya majuma matano. Hatukumwita, mwenziwe ndiye aliyemwambia kuwa mambo yamebadilika. Alichagua mkeka wa karibu na mlango, na wakati wa mapumziko aliketi ameegemea ukuta, macho wazi, akitutazama. Ilikuwa hivyo kwa miezi mingi. Jumamosi moja ya mvua alilala kiubavu, kiganja chini ya shavu, macho bado wazi. Tuliendelea kuhesabu pumzi.

Mwezi uliopita alikuja msichana mgeni kutoka Uvira, akawa anababaika hajui aufanyeje mkeka. Kabla hatujafungua kinywa yule mama alimgeukia akamwambia: “Kama unapenda, lala. Kama haupendi, ikala tu.” Katika daftari la mwanafunzi wa kidato cha pili tungeweka alama nyekundu mahali pawili, na ile “lala” ni kitenzi kitupu, tena cha amri. Yule msichana akatandaza mkeka, akaketi.