Mchawi, Refa na Namba Sita

Simba ilipofungwa 2-0 na Stella ya Abidjan katika fainali ya Kombe la CAF, Novemba 1993, nilirudi Kariakoo kwa miguu pamoja na umati uliopitia Keko na Gerezani, na njia nzima sikumsikia mtu akitaja kiungo. Sare ya 0-0 tuliyoipata kule Ivory Coast ilikuwa imetulevya. Kila mtu alikuja Uwanja wa Taifa, huu ambao siku hizi ni Uhuru, akiwa ameshalibeba kombe moyoni. Rais Mwinyi alikuwa jukwaani. Boli Zozo akatufunga yote mawili, na sasa njiani watu walikuwa wakitafuta wa kumbebesha mzigo. Mmoja akasema wachezaji walilewa ahadi za magari. Mwingine akasema kuna aliyekula fedha, tena akamtaja kwa jina, na jina lenyewe likawa linabadilika kila tulipokata kona. Mzee mmoja wa kanzu akasema kosa ni la kamati ya ufundi. Kwa msomaji mgeni niseme tu kwamba kamati hiyo haikuhusika na mazoezi wala pasi. Ilihusika na timu ipite mlango gani, au iruke ukuta, na nini kifukiwe wapi.

Kama Stella walituzidi katikati ya uwanja, hilo halikuwa swali la mtu. Na si kwamba hatukuujua mpira. Tulimjua Mohamed Mwameja langoni, George Masatu nyuma, Hussein Masha katikati. Tungeweza kukutajia kikosi kizima usingizini, na cha watani wetu Yanga pia. Tulijua namba nne ni stopa na namba tano ni mkoba. Lakini mchezaji wa katikati tulimpima kwa vitu vinavyoshangiliwa: chenga, tobo, kanzu, pasi ya kumpeleka winga mbio hadi kibendera. Yule aliyesimama mahali sahihi ili mpira usipite hakuwa na sifa yoyote. Nani amshangilie mtu kwa kusimama?

Nadhani redio ilichangia sana. Kizazi chetu kilijifunza mpira kwa Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa sauti za akina Ahmed Jongo, Mikidadi Mahmoud na Charles Hilary. Walikuwa mafundi wasio na mfano, lakini mtangazaji wa redio lazima aufuate mpira ulipo. Anakwambia nani anao, anampa nani, nani ameporwa. Hawezi kukwambia kwamba wakati huohuo, mita 30 mbali, kiungo wako ameacha pengo. Kwa hiyo tulipokutana kijiweni kesho yake, kila tuliyekuwa naye kichwani alikuwa mtu mwenye mpira mguuni. Bao limeingia? Basi kuna aliyepoteza, kuna aliyekosea, na mtu akikosea sana siku ya watani, tafsiri ilikuwa moja: ameuza.

Kijiwe chetu kilikuwa barazani kwa fundi cherehani, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi, karibu kabisa na makao makuu ya klabu. Muuza kahawa alipita na birika lake la shaba asubuhi na jioni, na ubao wa drafti ulikuwa haukauki watu. Wazee walikuwa wakisimulia 1977, tulipoifunga Yanga 6-0, Abdallah Kibadeni akifunga matatu peke yake. Mzee wa Yanga aliyekuwa akija kunywa kahawa kwetu kwa ubishi tu alijibu kwa 1968, walipotufunga 5-0. Hizo mechi mbili zilijadiliwa miaka nenda rudi, na mpaka leo sijui timu hizo zilipangwaje. Najua waliofunga. Najua nani alilia.

Mabadiliko yalianzia kwenye kibanda umiza. Miaka ile ya 2004 na 2005 kulikuwa na banda la mabati nyuma ya gereji ya jirani, mabenchi ya mbao, televisheni moja iliyofungiwa kwenye sanduku la chuma, na ubao wa chaki mlangoni: Chelsea na Arsenal, saa fulani, kiingilio kiasi fulani. Vijana wa mtaa wakaanza kumwongelea Claude Makelele. Mimi nilimtazama mara kadhaa na sikuona kitu. Hapigi chenga, hafungi, mpira akiupata anampa aliye karibu. Kijana mmoja fundi baiskeli akaniambia, "Kaka, usiutazame mpira. Mtazame yeye tu dakika kumi." Nikamtazama. Nikaona kila shambulio la wapinzani linakufa kabla halijawa shambulio, na kwamba Lampard anaweza kwenda mbele kufunga kwa sababu huyu amebaki. Baadaye ikaja Barcelona ya Guardiola, na vijana wa banda lile wakaanza kubishana kama Busquets ni mzuri au anabebwa na Xavi na Iniesta. Ubishi wa namna hiyo haukuwepo Kariakoo nilipokuwa kijana.

Ila elimu hiyo ilikaa bandani muda mrefu kabla haijavuka barabara kuja kwetu. Mtu aliyechambua Chelsea Jumamosi kama mwalimu, Jumapili Simba ikifungwa alirudi kwenye hujuma na ndumba. Na tuliposhinda hatukuchambua chochote. Mei 2012 tuliifunga Yanga 5-0. Okwi alifunga, Kaseja kipa wetu alipiga penalti na kufunga, na Patrick Mafisango, kiungo, akafunga lake. Tuliimba hadi usiku wa manane. Kabla mwezi haujaisha Mafisango alifariki kwa ajali ya gari hapa Dar es Salaam, na katika kumlilia ndipo watu wakaanza kusema jinsi alivyokuwa akiishika timu katikati. Ushindi haukutufundisha hilo.

Halafu Azam TV wakaanza kuonyesha ligi yetu kuanzia 2013, na bao likawa linarudiwa. Hapo ndipo mashtaka ya kuuza mechi yalipoanza kupata shida. Ni vigumu kumwita beki msaliti wakati picha inaonyesha amebaki peke yake na watu wawili, na kwamba aliyepaswa kumsaidia yuko nje kabisa ya picha.

Lakini kama nitaulizwa ni lini hasa kijiwe chetu kiligeuka, nitasema ni mwanzoni mwa 2019. Simba ilikuwa kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika chini ya kocha Patrick Aussems. Tukaenda Kinshasa, AS Vita wakatupiga 5-0. Tukaenda Misri, Al Ahly wakatupiga 5-0. Mechi mbili, mabao kumi. Ndumba haiwezi kueleza kumi. Refa hawezi kueleza kumi. Hata mlungula ungelazimika kutolewa kwa timu nzima pamoja na dereva wa basi. Siku ile baada ya Al Ahly, dereva mmoja wa bodaboda, mtu asiye na maneno mengi, aliukunjua ubao wa drafti, akavimwaga vizibo vya soda na kuvipanga upya. Vyekundu vikawa Simba, vya bluu vikawa Waarabu. Akaweka mabeki wetu wanne, akasogeza wa pembeni wawili juu kwa kidole. "Sisi nyumbani tunacheza hivi," akasema, "mabeki wanapanda, viungo wanapanda, watu wanapiga makofi. Ugenini tumekwenda kucheza hivihivi." Kisha akachukua kizibo kimoja cha bluu, akakipitisha taratibu katika uwazi kati ya viungo na mabeki wetu, mpaka langoni, bila kugusa kizibo chekundu hata kimoja. Fundi cherehani alisimamisha mashine. Mzee mmoja akasema, "Rudia." Akarudia.

Siku kumi baadaye tukawafunga haohao Al Ahly 1-0 Dar es Salaam, bao la Meddie Kagere, na hatimaye tukaifunga Vita 2-1 na kwenda robo fainali, ambako TP Mazembe walitutoa. Kijiwe kiligawanyika. Wako waliosema kocha amejifunza kuwabakiza watu nyuma. Wako waliosema ni joto la Dar tu. Mimi nilikuwa upande wa joto, na bado nipo, ila nilifurahi kwamba tunabishana kuhusu hilo.

Kipimo halisi kilikuwa 5 Novemba 2023. Yanga ya kocha Miguel Gamondi ilitufunga 5-1 Uwanja wa Mkapa. Mapumziko ilikuwa 1-1, Musonda wa Yanga alifunga mapema na Kibu Denis akasawazisha. Kipindi cha pili yakaja manne: Maxi Nzengeli mawili, Aziz Ki, na Pacome kwa penalti. Kesho yake barazani walikuwepo wa zamani na wa sasa, na mtani mmoja wa Yanga aliyekuja kwa nia moja tu ya kutukera. Mzee mmoja akaanza na la kale: "Kipindi cha kwanza moja moja, cha pili manne? Hapo pana mkono wa mtu." Mpwa wangu, mtoto wa dada, alikuwa na simu yenye mabao yote. Akamwambia, "Shikamoo babu, naomba utazame hili la pili, halafu utaniambia mkono uko wapi." Akalisimamisha. Akaonyesha namba sita wetu, kiungo mkabaji, amevutwa pembeni, namba nane yuko mbele ya mpira, na katikati ni patupu. "Hapa babu, mtu anapita na mkokoteni." Akaongeza kwamba tatizo la msimu ule lilikuwa kutaka mafundi wote waanze pamoja, Chama na Ntibazonkiza, watu wa mpira mguuni, kisha tushangae hakuna wa kukimbia nyuma mpira ukipotea.

Ubishi ukawaka. Mwingine akasema Chama ukimtoa nani atampelekea straika pasi? Bora ufungwe ukicheza kuliko ufungwe umepaki basi. Mwingine akataka mfumo wa viungo watatu. Kilichonichekesha ni yule mtani wa Yanga. Alikaa kimya muda, kisha hakuweza kujizuia, akavuta ubao wa drafti na kuanza kutueleza jinsi viungo wao Aucho na Mudathir walivyokuwa wakigawana kazi, mmoja akitoka mwingine anabaki. Alisahau kabisa kututania. Tulimsikiliza wote. Alipomaliza, akakumbuka alichojia, akanyoosha vidole vitano, akatoka mbio.

Nisije nikaonekana nasifu tu. Siku chache baadaye kocha Robertinho aliondoka, na nikaona kwamba kiu ya kumpata mkosaji haijatutoka. Zamani tulimtafuta mchawi, sasa tunamtafuta kocha, na lugha ya mifumo imempa kila mtu fimbo nzuri zaidi ya kumchapia. Wapo vijana wanaosema "hatuna balansi katikati" kila tunapofungwa, hata kama tumefungwa kwa kona mbili. Wanaitamka kwa uhakika uleule ambao mzee wa kanzu alikuwa nao juu ya kamati ya ufundi. Na simu nayo ina udhaifu wake. Inakuonyesha sekunde 15 za bao, siyo dakika 15 zilizolizaa. Kwa hilo namwamini zaidi mtu aliyekata tiketi ya mzunguko akakaa juu nyuma ya goli, maana kutoka kule unaiona timu ikifunguka na kufunga, hata mpira ukiwa mbali.

Hatujaacha kwenda. Mei 2025 tulikuwa tena kwenye fainali, safari hii Kombe la Shirikisho, na RS Berkane ya Morocco. Kwao walikuwa wametufunga 2-0, yote mawili ndani ya robo saa ya kwanza. Marudiano yakapelekwa Amaan, Zanzibar, nikavuka na mpwa wangu. Joshua Mutale akafunga kipindi cha kwanza, uwanja ukapata wazimu, tukabakiza bao moja tuwe sawa. Mapema kipindi cha pili Yusuph Kagoma, kiungo wetu mkabaji, akapewa kadi nyekundu. Dakika za nyongeza Berkane wakasawazisha. Kombe likaenda.

Boti ya asubuhi kurudi Dar ilijaa jezi nyekundu na macho mekundu. Bahari ilikuwa mbaya, wahudumu wakipita na mifuko ya kutapikia. Kabla hatujaiacha bandari mbali, mwanamama mmoja aliyekuwa na kapu la viungo akasema kocha Fadlu alipaswa kumtoa winga mara tu Kagoma alipotoka na kuziba pengo. "Mama, tunatafuta bao halafu utoe winga?" mpwa wangu akamuuliza. "Unatafuta bao na nani ukiwa huna mpira, mwanangu?" Jamaa wa siti ya nyuma akadakia kwamba mechi ilipotea kule Berkane, hapa tulikuja kuzika tu. Mwingine akasema hapana, ile robo saa ya Berkane kosa ni kuanza juu wakati tulijua watakuja kwa kasi. Watu wakageuka kwenye viti, vidole vikachora hewani nani asimame wapi. Kijana mmoja kando yangu alikuwa ameinamia mfuko wake tangu tutoke, tukidhani hasikii lolote. Akainua kichwa, uso umempauka, akafuta mdomo kwa skafu ya Simba. "Wa kutoka ni namba kumi," akasema. "Siyo winga." Akarudi kwenye mfuko, na mwanamama akamgeukia kumjibu hukohuko.