Kifuniko cha Rejeta

Mwaka 1998 niliamua kuuza gari langu, Toyota Celica jekundu ambalo kaka yangu aliniachia alipohama Dar es Salaam. Celica ni gari la mbio. Ndugu zake walishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1984, 1985 na 1986. Lakini yale yaliandaliwa kwa mashimo. Langu lilikuwa la lami, nami nilikuwa mwalimu Mwimbi, ambako lami wakati huo hatukuwa nayo. Tumbo lake lilikwaruza kila tuta. Watoto walilipenda kwa sababu ya taa zake zilizofumbuka kama macho.

Ada ya mwanangu wa sekondari ilikuwa imekaribia. Mnunuzi nilikuwa naye, kijana mfanyabiashara wa maharage niliyemfundisha darasa la sita. Nilimwambia alete fundi alikague. Akacheka.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyenifundisha kuhesabu. Nikukague wewe?"

Ndugu msomaji, neno hilo liliniondolea usingizi. Gari lilikuwa likichemka kila nilipopanda kilima kirefu, na hilo nilikuwa sijamwambia. Majirani walisema limelogwa. (Sumbawanga, mji wetu mkubwa, maana yake ni "tupa uchawi", kwa hiyo maelezo ya namna hiyo hatuyakosi.) Mimi sikuamini, ila yalinifaa. Aliyekwisha kusikia kwamba gari limelogwa haulizi habari za gasketi.

Mwishowe nililipeleka mwenyewe gereji, Sumbawanga. Fundi, mzee wa maneno machache, hakuwasha injini kwanza. Alifungua kifuniko cha oili akanionyesha utando mweupe kama uji: maji yalikuwa yameingia kwenye oili. Alipowasha, moshi mweupe ukatoka. Nikamwambia ni baridi ya asubuhi. Hakujibu. Tulingoja injini ipate moto, na moshi haukukoma. Akachomoa plagi, akapima mgandamizo wa kila silinda. Mbili zilizo jirani zilikuwa chini sana.

"Gasketi ya silindahedi," alisema. Kisha akachukua kifuniko cha rejeta, akakibonyeza kwa kidole. Springi ilikuwa imelegea. Akanieleza kwamba huku juu Ufipa, zaidi ya mita 1,500, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, na kifuniko ndicho kinachoyabana yasichemke mapema. Kitu kidogo kile ndicho kilichopika injini yangu.

"Nikikuwekea oili mpya na dawa ya kuziba, litatulia wiki mbili. Wengi hufanya hivyo. Unasemaje, Mwalimu?"

Nilinyamaza kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Kisha nikamwomba aandike yote kwenye karatasi.

Kijana aliisoma akiwa amesimama mlangoni pangu, polepole, kama alivyokuwa akisoma darasani.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua linachemka."

Alipunguza shilingi laki nne, nami sikubishana naye. Mwanangu alikwenda shule akiwa amechelewa, na ada nusu. Yule kijana aliendelea kuniamkia shikamoo, ila mzaha wa zamani ulikwisha.

Mwaka uliofuata alitaka kununua pikapu. Alinipitia nyumbani asubuhi na mapema, hakukaa. Aliuliza tu gereji ya yule mzee iko mtaa gani.