Kamba ya Katani

Mwaka 1984 nilikuwa muuguzi kijana katika wodi ya wagonjwa wa akili, huku kwetu chini ya Mlima Kenya. Asubuhi moja pikapu ya kubebea majani chai ilimleta kijana kutoka upande wa Othaya, mikono imefungwa kwa kamba ya katani. Nilipoifungua, ngozi ilikuwa imechubuka hadi nyama. Baba yake alinishika mkono: "Daktari, tafadhali, asipelekwe Mathari."

Hakusema Mathari ya Nyeri, hospitali ya misheni ya Consolata ambako wake zetu hujifungulia. Alisema ile ya Nairobi, kando ya barabara ya Thika, iliyopokea wagonjwa wa akili tangu 1910.

Daftari letu lilijaa watu kama kijana yule: wanaume wanaosikia sauti, wanaovunja vyombo, waliovurugwa na chang'aa au bangi. Tuliwatuliza kwa Largactil, na wakirudi nyumbani walifuata sindano ya Modecate kila mwezi.

Mwaka huohuo, nikisaidia upande wa wagonjwa wa nje, alikuja cucu mmoja, bibi mzee, akilalamika moto tumboni. Ilikuwa mara yake ya tano. Nikamuuliza, "Cucu, unalala?"

"Usingizi uliniacha tulipohamishiwa kijijini, mwana wangu."

Alimaanisha vijiji vya Hali ya Hatari ya enzi za ukoloni, vilivyozungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa. Miaka thelathini bila usingizi.

"Ulimweleza daktari?"

"Aliniuliza tumbo."

Nilimpa vidonge vya tumbo, akaenda zake. Jina lake halikuingia katika daftari la wodi. Hilo linaniuma hadi leo.

Baadaye nilisoma kwamba Dkt. J. C. Carothers, aliyesimamia Mathari ya Nairobi kuanzia 1938 hadi 1950, alishikilia kuwa ugonjwa wa huzuni ni nadra kwa Mwafrika. Alitazama waliokuwa vitandani. Lakini nani humfunga kamba mtu anayeamka, akachuma chai, akapika, akanyamaza? Anayevunja vyombo hupelekwa hospitali. Anayenyamaza huachwa alime.

Nimestaafu sasa. Nikikutana na mama sokoni Karatina akaniambia tumbo linamsumbua, natua kikapu changu chini na kumuuliza habari za usingizi. Kisha nangoja, hata jibu likichelewa.