Kupanda Bonde la Zigi

Mtu wa Tanga mjini anaweza kuzeeka akioga na kupikia maji ya Mto Zigi bila kuuona mto wenyewe. Anafungua bomba, ndoo inajaa, basi. Maji hayo hutoka bwawa la Mabayani, nalo Mabayani hujazwa na mto unaoshuka kutoka misitu ya Amani, Usambara Mashariki. Nilikuwa nayajua haya kwa kuyasoma tu, mpaka mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mlezi wa klabu ya mazingira, aliponialika nipande kwa mara ya kwanza.

Basi la Amani lilipakia Muheza katikati ya matenga ya machungwa, likapita chini ya misaji ya Longuza iliyosimama kwa mistari kama wanafunzi wa gwaride, kisha likaanza kukwea. Kadiri tulivyopanda ndivyo abiria walivyovaa masweta. Zaidi ya milimita 1,800 za mvua hunyesha Amani kwa mwaka wa kawaida, na harufu yake unaanza kuipata kabla hujafika.

Sigi ndipo lango la hifadhi. Nyumba ya mkuu wa stesheni ya enzi za Wajerumani ingalipo, na siku hizi hupokea wageni. Reli nyembamba kutoka Tengeni ilikuwa ikiishia hapa kuchukua mbao. Juu zaidi, mwaka 1902, Wajerumani hao walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo, wakapanda miti ya pembe nyingi za dunia.

Wanafunzi walitukuta getini, sare zimelowa umande hadi magotini. Mwongozaji, kijana mzaliwa wa bonde hilihili, hakuanza na majina ya miti. Aliwauliza nani alikula nini asubuhi na kuni zilitoka wapi. Baada ya hapo ndipo akawasimamisha chini ya mti mmoja, Maesopsis, akawaeleza kuwa asili yake si Usambara. Uliletwa na watu, hondohondo wakapenda matunda yake, wakazitawanya mbegu ndani ya msitu wa asili, na sasa unaota popote pale jua linapopenya. Hatua chache mbele, kwenye jiwe lenye ukungu kando ya kijito, akawaonyesha ua dogo la zambarau. Ua hilo lilipelekwa Ujerumani na ofisa wa kikoloni, Walter von Saint Paul-Illaire, likapewa jina la kisayansi mwaka 1893, na jamaa zake sasa huuzwa kwenye vyungu madukani kote Ulaya na Marekani. Watoto waliinama kulitazama kwa zamu. Hakuna aliyelichuma.

Lakini somo lililonishika lilifanyika uwanjani kwa mwalimu, kwa chupa mbili za plastiki zilizokatwa ubavu. Moja aliijaza udongo mtupu wa shambani, ya pili udongo uleule wenye majani makavu na mizizi ya nyasi. Akazilaza kwenye mteremko wa ubao, akamwita msichana mdogo amimine kikombe cha maji katika kila moja. Chupa ya kwanza ilitapika matope papo hapo. Ya pili ilikaa kimya, kisha ikaanza kudondosha maji karibu meupe, tone kwa tone, na iliendelea kudondosha muda mrefu baada ya ile ya kwanza kukauka.

“Haya ya matope yanakwenda kwa nani?” akauliza mvulana wa nyuma.

“Yanakwenda kwao mgeni wetu, Tanga,” mwalimu akajibu, na darasa zima likanigeukia. Sijawahi kuelezwa kwa ufupi namna hiyo kwa nini mto hautakiwi kukauka kiangazi.

Mchana tulikwenda kwa kikundi cha akina mama wafugaji wa vipepeo. Ufugaji huo ulianza mwanzoni mwa miaka ya 2000: kipepeo jike huwekwa ndani ya kizimba cha chandarua pamoja na mimea anayotagia, viwavi hulishwa majani mabichi, na pupa walikuwa wakisafirishwa hadi bustani za maonyesho ng'ambo. Anayefuga lazima aijue mimea ya msituni kwa jina na aioteshe mwenyewe. Mwaka 2016 serikali ilipopiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai, marufuku ikawakumba na hawa.

“Sare na madaftari vilitoka humu, mwanangu,” mama mmoja aliniambia, mkono wake juu ya kizimba.

Kwangu mimi, anayekamata mnyama porini na anayezalisha mdudu uani kwake hawakustahili kuwekwa fungu moja. Hakuna somo la uhifadhi linalomfikia mtu mzima kuliko ada ya mtoto wake.

Jioni ulikuwapo mkutano wa kijiji, na hapo maneno yalikuwa makali. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Katika bonde jembamba, mita 60 zinaweza kuwa shamba lote la mtu: iliki, pilipili manga, karafuu na mdalasini. Waliopokea mafunzo ya kilimo cha matuta kupitia umoja wa wakulima wa Kihuhwi na Zigi walisema mavuno yao hayajapungua. Mzee mmoja akasimama.

“Ndugu mwenyekiti, mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, ikapata zaidi ya shilingi bilioni 53. Nasikia redioni. Mimi nataka kujua, sisi tunaolinda chemchemi tuna fungu gani humo?”

Kelele zikazuka, kila mtu na jibu lake. Mwenyekiti akagonga meza, akaagiza swali liandikwe kwenye muhtasari kama lilivyoulizwa, kisha akaomba majina ya watakaolipeleka Tanga. Wakachaguliwa mwalimu na yule mama wa vipepeo. Nauli yao ikachangwa palepale, nami nikawaandikia namna ya kufika ofisini kutoka stendi.