Tumbo Halikuwa na Waranti

Sisi tuliosoma sekondari kati ya mwisho wa miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1980 tulikuwa watu wa safari kabla hatujaota ndevu. Serikali ya wakati ule ilikusudia mtoto wa Newala akasome Tabora na wa Bukoba akasome Dodoma, ili tukue tukifahamiana. Kwa hiyo kila muhula ulipoanza na ulipokwisha, Reli ya Kati ilijaa wanafunzi na masanduku yao ya bati. Tulikuwa na waranti, ile karatasi ya serikali uliyoipeleka dirishani ukapewa tiketi ya daraja la tatu. Waranti ililipa nauli; tumbo halikuwa na waranti. Na kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni kilometa zipatazo 1,250, safari ya siku mbili, usiku na mchana, mambo yakienda sawa, na mara nyingi hayakwenda sawa. Vijana wetu hutuuliza, kwa adabu nzuri waliyofunzwa, tuliwezaje kwenda mbali vile na vijisenti vile. Wanadhani tulivumilia njaa. Tulivumilia mengi, lakini njiani tulikula, na tulikula vizuri.

Ulaji ule ulianzia jikoni, kwa mama zetu, siku moja kabla ya safari. Walijua kwamba wali wa nazi huchacha kabla safari haijafika popote, hivyo hawakuufunga hata ukiulilia. Chapati walizianika kwenye ungo mpaka zikapoa kabisa ndipo wakazifunga kwa kitambaa, maana iliyofungwa na mvuke wake huota ukungu. Mayai yalichemshwa na kuachwa na maganda yake. Kuku alikaangwa mpaka akakauka, na alikuwa wa kuliwa siku ya kwanza. Viazi vitamu vilishika siku ya pili. Karanga na mihogo mikavu vilikuwa akiba ya siku ambayo treni imelala porini na hakuna anayejua itaamka lini. Miaka ya mwanzo ya 1980, sukari, mafuta na unga wa ngano vilipoadimika madukani, na kupitisha nafaka kutoka mkoa hadi mkoa kukawa jambo la kibali, chapati iligeuka kitu cha sikukuu. Furushi halikupungua kwa hilo. Lilibadilika tu: viazi vikaongezeka, na magimbi yakaingia.

Stesheni nazo zilikuwa na elimu yake. Aliyeijua reli alikijua cha kila mahali, akanunua pale kinapoota. Machungwa na ndizi aliyachukua upande wa Morogoro, kwa sababu akisubiri nyanda kavu za Dodoma, atakuta tunda limesafiri kama yeye na bei imepanda njiani. Dodoma palikuwa na karanga na, kwa msimu wake, zabibu. Saranda palikuwa na kuku: akina mama wamejipanga kandokando ya reli na masinia kichwani, na hapo ndipo tulipochangishana tukapata mlo wa moto, kuku mmoja kwa watu wanne au watano, kila mmoja akijua tangu mapema kama fungu lake ni paja au shingo. Tabora ilikuwa nchi ya asali na maembe, na Uvinza chumvi. Bei ilikuwa na saa yake. Treni ikisimama tu, ulitajiwa bei ya mgeni. Honi ikilia, bei ilishuka, na mwenye moyo wa kungoja honi alikula kwa nusu ya fedha ya mwenye pupa, au akakosa kabisa. Fedha tuliitoa baada ya kukishika chakula dirishani. Lakini haki isemwe: tuliwaona pia watoto wa wauzaji wakikimbia sambamba na behewa ili kurudisha chenji. Na mwishoni mwa miaka ya 1970, kipindupindu kilipotambaa nchini, tuliongeza sharti ambalo wengi wetu tunalishika hadi leo, kwamba kinacholiwa njiani kiwe cha moto au kiwe na ganda.

Hata hivyo, kilichotushibisha hasa ni desturi ya behewa. Hakuna aliyefungua furushi lake pasipo kusema karibu, na aliyekaribishwa alimega kidogo, kisha naye akafungua lake. Mwanafunzi aliyepanda na viazi peke yake aliteremka akiwa ameonja korosho za kusini, senene wa Bukoba waliokaangwa vizuri, na ndizi za mtu wa Kilimanjaro aliyekuwa akienda Urambo kufundisha. Mzee aliyesafiri bila chochote alilishwa kwanza, na hakuulizwa kwa nini hana. Sijui chuo kilichotufundisha kuwa Watanzania kuliko daraja la tatu, nasi wa rika hilo tunalisema bila haya.

Siwalaumu vijana, dunia wanayosafiri ndani yake si ile. Tangu 2024 treni ya umeme inatoka Dar es Salaam na kufika Dodoma kwa muda usiotimia saa nne, na sisi tuliokesha kwenye vituo tukingoja injini ya msaada tunaliona hilo kwa fahari kuliko hata wao. Ila madirisha yake hayafunguki, na mama wa masinia hana pa kuuzia. Kwenye mabasi hali ni ngumu zaidi kwa mfuko. Msafiri wa basi hachagui pa kula, huchaguliwa. Basi huingia kwenye hoteli ambako kwa kawaida dereva na kondakta hula bila kulipa, abiria hutangaziwa dakika chache, na ile sahani ya chipsi kuku haina tofauti Chalinze wala Singida. Chakula cha dereva nacho kimo ndani ya bei ya sahani hiyo. Asiyeimudu hununua biskuti na soda, akashinda na njaa iliyotiwa utamu. Nimemwona kijana akipita Muheza, machungwa yamerundikwa pande zote mbili za barabara, naye ananyonya juisi ya boksi kwa mrija. Ametumia fedha kutuzidi, na amekula kidogo kutuzidi.

Treni ya kawaida ya Kigoma ingalipo. Kijana mwenye siku mbili na mfuko mwepesi aipande, afunge chapati zilizopoa, aseme karibu kwa jirani asiyemjua, kuku amngoje Saranda. Akifika Kigoma, asinunue dagaa wa kupeleka nyumbani kwa pupa pale stesheni. Aende mwaloni Kibirizi asubuhi, aulize waliokaushwa kwenye vichanja, awaache wa mchangani, ambao bei yao ni nafuu mpaka jino linapokutana na kokoto.