Chapisho Lililorudi Bila Jina

Mwezi uliopita binamu yangu alirusha kwenye kundi la ukoo, WhatsApp, simulizi ndefu kuhusu matuta ya ngazi ya Uluguru. Juu yake kulikuwa na ile mishale miwili ya ujumbe uliokwisha kupita kwenye simu nyingi. Nilisoma mistari mitatu nikakaa kitandani. Yalikuwa maneno ya babu mzaa mama, na aliyeyaandika ni mimi, hapa hapa Kihonda, likizo ya mwaka 2017.

Nilikuwa mwaka wa kwanza chuo, nina blogu yenye wasomaji arobaini hivi, wengi wao ndugu. Babu alikuwa amehamia kwetu kutoka Matombo. Jioni alikaa barazani akiitazama milima, akanieleza jinsi serikali ya Mwingereza ilivyowalazimisha watu kuchimba ngazi mashambani. Udongo mweusi ulifukiwa, mwekundu ukaja juu, mahindi yakadumaa. Mwaka 1955 watu wa Matombo walichoka, na ghasia zikazuka. Niliyaandika yote kwa simu, nikayachapisha usiku huohuo.

Juni 2018 niliifuta blogu nzima. Kanuni mpya za maudhui mtandaoni ziliwataka wanablogu wawe na leseni: shilingi 100,000 za maombi, milioni 1 ya leseni, na milioni 1 nyingine kila mwaka. Asiyetii alikabiliwa na faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Mimi nilikuwa naishi kwa boom. Sikuuliza mtu, sikuhifadhi nakala. Ndesanjo Macha, mmoja wa waliotutangulia kublogu kwa Kiswahili, aliiita blogu gazeti tando. La kwangu nililifagia kama utando wa buibui.

Babu alifariki 2021.

Sasa nasoma uzamili, naandika tasnifu kuhusu udongo wa miteremko hiyohiyo, na msimamizi wangu ana swali moja kwa kila aya: chanzo kiko wapi? Chanzo ndicho hiki kilichorudi kwenye simu. Jina la babu halipo. Matombo imekuwa Mgeta. Mwaka 1955 umekuwa 1965, na kwa tarakimu hiyo moja aliyewalazimisha watu si Mwingereza tena, ni serikali yetu wenyewe. Mwishoni mtu ameongeza: tuma kwa watu ishirini.

Rafiki zangu wengi hawana blogu siku hizi. Wanaandika stetasi inayokufa baada ya saa 24, au wanazungumza TikTok. Siwalaumu, wasomaji wako huko. Ila mimi nimefungua blogu tena, na kila chapisho lina tarehe, jina la aliyesimulia na mahali alipokaa. Nikikosea naacha kosa lionekane, nasahihisha chini yake. Nakala moja iko kwenye flashi, nyingine nimechapa stationery kwa shilingi 200 ukurasa.

Nilisahihisha pia kwenye kundi. Mjomba akajibu kwa sauti, sekunde tisa: “Mjukuu wa mzee ni wewe, sawa. Lakini huo mwaka una ushahidi gani?”

Sikuwa nao. Jumamosi napanda gari la Matombo. Mdogo wake babu, bibi yetu wa mwisho, bado yupo, na nimeambiwa asubuhi huwa anakumbuka vizuri.