Mkoromo Usifichwe Daktari

Mjini Nkubu, kwenye barabara kuu ya kutoka Embu kwenda Meru, Waislamu ni wachache na hujuana. Huko mama mmoja alitujia baada ya darsa pamoja na mumewe, akauliza kama yafaa kuwekewa puto tumboni ili apungue mwili. Magoti yalikuwa yamemchosha, na kisukari kimeanza. Tulimjibu kwamba kujitibu maradhi, kwa shauri la tabibu mwaminifu, hakuna ubaya. Ndipo mumewe akasema kwamba mkewe hukoroma usiku kucha, na pengine pumzi humkatika kisha akagutuka. Mama akainamisha uso: "Bwana, hayo ni ya chumbani."

Ndugu zetu, hilo la chumbani ndilo la kwanza kumfikia daktari.

Puto la namna hiyo huingizwa kwa mdomo likiwa limekunjwa, likajazwa maji ndani ya tumbo, na kwa kawaida huachwa kwa miezi 6. Kwa kuwa hakuna kisu, watu huliita jambo dogo. Usingizi wake lakini si mdogo. Dawa ya kutuliza hulegeza koo, na kwa mwenye unene mkubwa njia ya hewa huziba upesi. Alazwapo chali, uzito wa tumbo huyabana mapafu, akiba ya oksijeni ikapungua. Pumzi ikisita, muda wa kumwokoa ni mfupi kuliko wa mtu mwembamba. Mwenye kukatikiwa na pumzi usingizini yumo hatarini zaidi.

Wala hili si la nyumba moja. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kuwa nchini Kenya wanawake 45 katika kila 100 wa umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi.

Basi kabla ya siku ya kazi, ulizeni bila haya. Je, yuko mtaalamu wa usingizi ambaye kazi yake ni kuiangalia pumzi tu, asiyeshughulika na puto? Je, atainuliwa kichwa na kifua, apewe oksijeni, na apimwe hewa aingizayo na aitoayo? Je, ataangaliwa mpaka azinduke barabara? Naye mgonjwa aseme uzito wake wa kweli na dawa anazotumia, na afuate amri ya kutokula: kwa kawaida saa 6 kwa chakula, na saa 2 kwa maji.

Wanavyuoni wetu wamehesabu kuhifadhi nafsi katika makusudio matano ya Sheria. Kumtajia tabibu aibu ya mgonjwa kwa ajili ya tiba si kusengenya, ni amana. Mume aliyesikia mkoromo, binti alalaye na mamake, na aseme. Na kituo kisichoweza kujibu maswali hayo, tukiache twende kwingine, kwani kutawakali hakuondoi hadhari.

Mwenyezi Mungu awape wagonjwa wetu shifaa, na azitie nuru nyumba zetu. Amin.